Korona Ilipita, Deni Likabaki

Jioni ya Ijumaa, Machi 27, 2020, maelfu ya wafanyakazi walibanana kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, wakisubiri feri iwavushe kwenda makwao upande wa kusini. Kafyu ya kwanza ya korona nchini Kenya ilikuwa ianze saa moja usiku. Watu walitoka kazini kwa pamoja wakikimbizana na saa, feri hazikutosha, foleni ikagoma kusogea. Kabla hata saa moja haijatimia, polisi waliwaingilia kwa virungu na mabomu ya machozi. Wale wale waliokuwa wakihimizwa kila siku redioni wasikaribiane walijikuta wamelazwa chini, wamerundikana na kukohoa.

Siku hiyo Kenya ilikuwa imetangaza kifo kimoja tu cha korona. Rais Uhuru Kenyatta aliwaomba radhi wananchi siku chache baadaye, lakini vipigo havikukoma. Mpaka mwanzoni mwa Juni, IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi, ilikuwa imepokea taarifa za vifo 15 vilivyohusishwa na askari waliokuwa wakitekeleza kafyu.

Ugonjwa wenyewe uliua, na anayelibeza hilo anawakosea waliofiwa. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 na 2021 watu milioni 14.9 zaidi walikufa duniani kuliko ambavyo ingetarajiwa katika miaka ya kawaida, wengi wao katika nchi za kipato cha kati. Hata hivyo, kwa mamilioni ya watu wa nchi zinazoendelea janga lilibisha hodi kwanza kwa mkono wa serikali na kwa mfuko mtupu, na virusi vikafuata. Virusi vilipopungua makali, gharama haikuondoka navyo. Iliandikwa kwenye madaftari ya wadai, ikaja kudaiwa baadaye kutoka kwa watu ambao hawakuulizwa neno wakati inakopwa.

Kando ya Ziwa Naivasha, waridi huchumwa alfajiri, hupozwa, hupelekwa uwanja wa ndege wa Nairobi, na baada ya siku chache huwa tayari limefika kwenye mnada wa Aalsmeer, Uholanzi. Ua halisubiri, likikosa mnunuzi leo, kesho ni takataka. Katikati ya Machi 2020 maduka ya maua Ulaya yalipofungwa, bei mnadani ziliporomoka na shehena kwa shehena zikasagwa. Korona ilikuwa bado ni habari ya mbali kwa wachumaji wengi wa Naivasha, lakini maelfu yao walirudishwa nyumbani kwa likizo isiyo na malipo. Ndege za abiria, ambazo hubeba pia mizigo chini ya viti vya wasafiri, zilisimama, na hata pale wateja waliporudi, gharama ya kusafirisha kilo moja ya maua ilikuwa imepanda sana.

Huyo mchumaji wa maua angalau alikuwa na mwajiri wa kumwambia asije kazini. Zaidi ya wafanyakazi wanane kati ya kumi nchini Kenya wako katika sekta isiyo rasmi: mama mboga, fundi wa jua kali, makanga wa matatu, dereva wa bodaboda. Kwao kafyu ya saa moja usiku ilimaanisha kupoteza masaa yale yale ambayo wateja hutoka kazini na kupitia kibandani. Aprili 2020 serikali ilipunguza Kodi ya Ongezeko la Thamani kutoka asilimia 16 hadi 14, ikashusha kodi ya juu ya mapato na ya makampuni kutoka asilimia 30 hadi 25, na kuwasamehe kabisa kodi wanaopata hadi shilingi 24,000 kwa mwezi. Nia ilikuwa njema. Lakini msamaha wa kodi ya mshahara humfikia mwenye hati ya mshahara, na mama mboga hana hati hiyo. Kilichomfikia ni kuondolewa kwa ada za kutuma pesa za simu kwa miamala isiyozidi shilingi 1,000, na kwa baadhi ya vijana wa mitaa duni, vibarua vya kuzibua mitaro na kufagia chini ya mpango wa Kazi Mtaani.

Wakati huo huo fedha kubwa zilikuwa zinapita kwingine. Ukaguzi maalumu wa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa Kenya, uliotolewa Septemba 2020, ulikuta kwamba KEMSA, mamlaka ya ununuzi wa vifaa vya tiba, ilikuwa imetumia shilingi bilioni 7.8 kununua barakoa, mavazi ya kujikinga na vifaa vingine kinyume cha taratibu, kwa bei zilizozidi za soko, na shehena kubwa ikabaki ghalani. Wauguzi walikuwa wakigoma kwa kukosa vifaa hivyo hivyo. Ni vigumu kupima hasara ya namna hii kwa shilingi peke yake, kwa sababu serikali ilikuwa ikikopa kwa jina la wagonjwa, na kila aliyesoma habari zile alijua deni litarudi kwake.

Tanzania ilichukua njia nyingine. Rais John Magufuli alikataa kufunga masoko na miji, akisema mtu anayeishi kwa kipato cha siku hawezi kufungiwa ndani bila kufa njaa. Hoja hiyo ilikuwa na uzito wake, na wachumi wengi waliokuja kupima hasara za vizuizi vikali katika nchi maskini waliifikia kwa njia zao. Lakini kufikia Mei 2020, idadi rasmi ya maambukizi ilipofika 509 na vifo 21, takwimu zilikoma kutangazwa. Kuacha soko wazi ni uamuzi wa sera unaoweza kujadiliwa. Kuondoa takwimu ni kuwanyima wananchi uwezo wa kuujadili. Muuzaji wa Kariakoo alihitaji kujua hatari iliyokuwa mbele yake kuliko mtu aliyeweza kufanyia kazi sebuleni.

Na uchumi haukunusurika kwa kuwa milango ilikuwa wazi. Uamuzi wa mtalii kupanda ndege haufanywi Arusha, unafanywa Milan au Berlin. Watalii waliofika Tanzania walishuka kutoka 1,527,230 mwaka 2019 hadi 620,867 mwaka 2020. Zanzibar, ambako utalii ndio nguzo ya fedha za kigeni, walitoka 538,264 hadi 260,644. Waongoza watalii, wapagazi wa Kilimanjaro, wavuvi waliouza pweza hotelini Nungwi na Paje, wote waliingia katika mwaka ambao mteja hakutokea. Mwishoni mwa 2020 ndege za kukodi kutoka Urusi na Ukraine zilianza kuijaza tena pwani ya Unguja, jambo lililowaokoa wengi, ingawa zilileta wageni katika nchi iliyokuwa haitangazi maambukizi yake.

Kati ya majirani hawa wawili kulizuka ugomvi uliowagharimu wafanyabiashara wa pande zote. Mei 2020 Kenya ilifunga mpaka na Tanzania isipokuwa kwa mizigo, na kila dereva wa lori akatakiwa kupimwa. Namanga, kituo cha mpakani, ikawa uwanja wa kushutumiana kuhusu majibu ya vipimo. Agosti, Kenya ilipoiacha Tanzania nje ya orodha ya nchi ambazo abiria wake hawakuhitaji karantini, Tanzania ilizuia ndege za Kenya Airways. Huko Malaba na Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, malori ya kwenda Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo yalipanga foleni za makumi ya kilomita, na madereva walilala chini ya matela kwa siku kadhaa. Mataifa yaliyokuwa yameimba soko la pamoja kwa miaka ishirini yalishindwa kukubaliana juu ya cheti kimoja cha maabara mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoanzisha mfumo wa kielektroniki wa kufuatilia madereva.

Kuna serikali zilizoona katika janga hili nafasi ya kisiasa, na zikaitumia.

Uganda ilikwenda kwenye uchaguzi Januari 14, 2021. Miezi saba kabla, Tume ya Uchaguzi ilielekeza kampeni zifanywe kwa redio, televisheni na mitandao, utaratibu uliopewa jina la uchaguzi wa kisayansi. Katika nchi ambako vituo vingi vya redio vijijini viko mikononi mwa watu walio karibu na chama tawala, agizo hilo halikuwa na mizani sawa. Mikutano iliporuhusiwa, ilikuwa ya watu wasiozidi 200. Novemba 18, 2020, mgombea wa upinzani Robert Kyagulanyi, maarufu kwa jina la Bobi Wine, alikamatwa Luuka kwa madai ya kukiuka masharti ya korona. Maandamano yakaripuka, vyombo vya usalama vikafyatua risasi, na kwa hesabu ya serikali yenyewe watu 54 walikufa ndani ya siku mbili. Yoweri Museveni alipata muhula wa sita huku intaneti ikiwa imezimwa.

Burundi ilifanya kinyume kabisa kwa lengo linalofanana. Mikutano mikubwa ya kampeni iliendelea, wawakilishi wa WHO wakafukuzwa nchini siku chache kabla ya kura ya Mei 20, 2020, na waangalizi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wakaambiwa wakifika watakaa karantini siku 14, yaani mpaka kura ipite. Juni 8 Rais Pierre Nkurunziza alifariki, ikatangazwa ni kwa mshtuko wa moyo. Mrithi wake, Évariste Ndayishimiye, aliitangaza korona kuwa adui mkubwa wa Burundi kabla mwezi huo haujaisha, na bei ya sabuni ikapunguzwa. Hatua ndogo, lakini ilimfikia kila mwenye nyumba.

Mahali ambapo kalenda iliyovurugwa na janga iligeuka maafa ni Ethiopia. Uchaguzi mkuu uliopangwa Agosti 2020 uliahirishwa kwa sababu ya korona, na muda wa serikali ukaongezwa. Watawala wa Tigray waliukataa uamuzi huo, wakafanya uchaguzi wao Septemba 9. Addis Ababa ikautangaza batili. Novemba 4 vita vilianza, na vilisimama kwa makubaliano ya Pretoria miaka miwili baadaye, watu wengi mno wakiwa wamekufa. Uhasama ule ulikuwa wa zamani kuliko virusi. Lakini uchaguzi ndio ulikuwa uwanja uliobaki wa kushindania madaraka bila bunduki, na uliondolewa mezani kwa hoja ya kiafya ambayo upande mmoja haukuiamini.

Hasara nyingine haikupigiwa kura. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 na zilifunguliwa kikamilifu Januari 10, 2022, muda mrefu kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Wanafunzi wapatao milioni 15 waliguswa. Wenye simu janja na umeme walisoma kidogo. Wengine walikwenda machimboni, mashambani, sokoni, na wasichana wengi walirudi darasani wakiwa wajawazito au hawakurudi kabisa. Shule binafsi za bei nafuu zilifungwa moja kwa moja, nyingine zikageuzwa nyumba za wageni. Mtoto aliyekosa miaka miwili ya kusoma na kuhesabu haonekani katika takwimu za pato la taifa za mwaka ule. Ataonekana katika za mwaka 2035.

Ndipo lilipo suala la fedha, ambalo ndilo lililoigawa dunia sehemu mbili. Machi 2020 Marekani ilipitisha mpango mmoja wa uokoaji wa dola trilioni 2.2, ikikopa kwa sarafu yake yenyewe na kwa riba iliyokaribia sifuri. Nchi ya Afrika inayotaka kukopa hukopa kwa dola ambazo haizichapishi, kwa riba inayopangwa London na New York, na hulipa kwa mauzo ya shaba, chai, kakao au vyumba vya hoteli. Mwaka ule mauzo hayo yalianguka kwa pamoja.

Kundi la G20 lilitoa nafuu: nchi 73 maskini ziliruhusiwa kuahirisha malipo kwa serikali zilizozikopesha. Nchi 48 zilijiunga, na dola bilioni 12.9 zikaahirishwa hadi mwisho wa 2021. Ziliahirishwa tu, hazikufutwa. Wadai binafsi, wenye hatifungani, hawakulazimishwa kushiriki, na karibu wote hawakushiriki. Zaidi ya hapo, kampuni ya Moody's iliziweka Ethiopia, Pakistan na Cameroon chini ya uchunguzi wa kushushwa daraja la ukopaji mara zilipoomba nafuu hiyo. Kenya iliona, ikasita, na haikujiunga mpaka Januari 2021. Nchi ilikuwa inaadhibiwa kwa kuomba msaada iliotangaziwa kuwa ni haki yake.

Zambia ilikuwa ya kwanza Afrika kuanguka. Tangu 2012 ilikuwa imeuza hatifungani za mabilioni ya dola na kukopa sana China kwa ajili ya barabara na viwanja vya ndege. Novemba 13, 2020, baada ya wenye hatifungani kukataa kuipa muda, ilishindwa kulipa riba ya dola milioni 42.5. Agosti iliyofuata wapigakura walimwondoa Edgar Lungu na kumchagua Hakainde Hichilema kwa tofauti kubwa. Lakini kumwondoa rais kulikuwa rahisi kuliko kuwakutanisha wadai: makubaliano na serikali zilizoikopesha, kuhusu dola bilioni 6.3, yalipatikana Juni 2023, na ya wenye hatifungani yakakamilika 2024. Kwa zaidi ya miaka mitatu Lusaka iliendesha nchi huku ikizunguka vyumba vya mazungumzo vya watu wengine.

Chanjo zilifuata mkondo ule ule. COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo, ulitegemea sana kiwanda cha Serum Institute cha India, na Machi 2021, wimbi kali lilipoikumba India, usafirishaji nje ulisimamishwa. Nchi tajiri zilikuwa zimeagiza dozi za kuwatosha raia wao mara kadhaa. Kiwanda cha Aspen huko Gqeberha, Afrika Kusini, kilikuwa kikijaza chupa za chanjo ya Johnson & Johnson, na sehemu ya dozi hizo ikapelekwa Ulaya wakati Waafrika wakisubiri. Mwaka 2021 ulimalizika huku chini ya mmoja kati ya Waafrika kumi akiwa amekamilisha chanjo. Wanasayansi wa Afrika Kusini walipoutangazia ulimwengu kirusi cha Omicron Novemba mwaka huo, jibu la haraka lilikuwa kuwafungia safari za ndege.

Msaada ulikuja pia, na ni haki kuutaja. Agosti 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, liligawa akiba ya thamani ya dola bilioni 650 kwa wanachama wake. Lakini mgawo ulifuata ukubwa wa hisa, na Afrika nzima ikapata takribani bilioni 33. Mwezi uliofuata Tanzania, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, ilipata mkopo wa dola milioni 567.25, zipatazo shilingi trilioni 1.3. Sehemu yake ilijenga madarasa 15,000, na watoto walioingia kidato cha kwanza Januari 2022 waliyakuta. Ni mkopo, na utalipwa, lakini mwananchi anaweza kwenda kuuona na kugonga ukuta wake kwa mkono.

Na kuna fedha ambazo hazikutoka kwa serikali wala shirika. Benki ya Dunia ilitabiri Aprili 2020 kwamba pesa zinazotumwa na wahamiaji nyumbani zingeanguka kwa karibu asilimia 20. Kwa Kenya zilipanda, zikafikia dola bilioni 3.1 mwaka huo. Wauguzi wa Minnesota na Manchester, wayaya wa Riyadh na madereva wa Doha walijinyima zaidi ili nyumbani pasilale njaa. Hakuna bajeti ya taifa iliyowahi kuwataja kama mpango wa uokoaji, ingawa ndicho walichokuwa.

Kisha dunia tajiri ikapona na kupandisha riba. Vita vya Ukraine vya Februari 2022 viliinua bei ya ngano, mafuta na mbolea. Benki kuu ya Marekani ikapeleka riba yake kutoka karibu sifuri hadi zaidi ya asilimia 5. Kila deni la dola likawa zito zaidi. Sri Lanka, iliyokwishapoteza watalii wake, ilisimamisha malipo Aprili 2022, na Julai waandamanaji wakaingia katika makazi ya rais Gotabaya Rajapaksa, naye akakimbia nchi. Ghana ilisimamisha sehemu kubwa ya malipo ya nje Desemba mwaka huo, mfumuko wa bei ukiwa asilimia 54, kisha ikawageukia wananchi wenye hatifungani za ndani. Wastaafu walisimama na mabango nje ya Wizara ya Fedha jijini Accra, na miongoni mwao alikuwapo Sophia Akuffo, jaji mkuu mstaafu.

Kenya haikufika huko, lakini iliyafikia maumivu. Itakuwa si haki kuibebesha korona deni lote: reli na barabara zilikopewa miaka kabla. Mwaka wa janga deni la taifa lilikuwa takribani shilingi trilioni 6.7, Juni 2024 lilikuwa limepita trilioni 10.5. Aprili 2021, IMF ilipoidhinisha mkopo wa dola bilioni 2.34, zaidi ya Wakenya 200,000 walitia saini ombi la kuitaka isiwakopeshe viongozi wao. Kumbukumbu ya KEMSA ilikuwa bado mbichi. Ombi lile halikusikilizwa, na masharti ya mkopo, kuongeza mapato ya kodi, yakaanza kutekelezwa. Mwaka 2023 kodi ya mafuta ya gari iliongezwa maradufu, kutoka asilimia 8 hadi 16. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitafuta shilingi bilioni 346 zaidi, na katika rasimu yake ya kwanza ulikuwa na kodi ya mkate.

Walioingia barabarani Juni 2024 walikuwa vijana, wengi wao wakiwa shuleni au vyuoni wakati milango ilipofungwa mwaka 2020. Juni 25 waliingia Bungeni, na polisi wakafyatua risasi. Siku iliyofuata Rais William Ruto aliukataa mswada. Tume ya taifa ya haki za binadamu ilihesabu watu 39 waliouawa kufikia Julai 1, na idadi ikaendelea kupanda. Julai hiyo hiyo Moody's iliishusha Kenya daraja, kwa sababu serikali ilikuwa imeshindwa kuwatoza watu wake. Februari 2025 Nairobi ilirudi sokoni, ikakopa dola bilioni 1.5 nyingine kwa riba ya asilimia 9.5 ili kununua sehemu ya hatifungani iliyokuwa ikiiva 2027. Malipo ya mwisho ya mkopo huo mpya ni mwaka 2036.